Lori Limewaka, Lwitiko

Lwitiko, ndugu yangu,

Lori limewaka. Jumanne asubuhi, hapa nyumbani Bujonde, likiwa limesimama mahali tambarare. Sikulisukuma wala sikulitafutia mteremko. Niligeuza ufunguo mara moja, stata ikavuta, injini ikashika, na ile taa nyekundu ya chaji iliyotusumbua karibu mwaka mzima ikazimika. Naanza na habari hii kwa sababu najua ndiyo ungeiuliza kwanza, kabla hata ya kuulizia watoto.

Sikufurahi. Nilizima injini, nikashuka, nikaenda kukaa kwenye migomba nyuma ya nyumba mpaka mke wangu alipokuja kuuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ni jua.

Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike. Siku ile nilisimama kaburini nikasema habari zako mbele ya watu. Nikasema ulikuwa utingo wangu kwa miaka kumi na saba, kwamba hukuwahi kupoteza hata gunia moja, kwamba tulikula sahani moja na kulala chini ya turubali moja mvua ikitunyeshea. Watu walilia. Mchungaji alinishika bega. Na yote niliyosema yalikuwa kweli, ila lipo moja ambalo sikulisema, na hilo limekaa kifuani mwangu tangu siku hiyo. Sasa nataka kuyaeleza yote kama yalivyokuwa. Mengine unayajua. Vumilia, niyapitie hivyo hivyo, kwa sababu nikiruka moja nitaruka na jingine.

Unakumbuka giaboksi iliposhushwa, mavuno ya mpunga yalipokwisha. Lori lilikaa kwa fundi wiki mbili, chini limetegemezwa kwa magogo, nami nikaona nitumie nafasi hiyo kupaka chesisi rangi. Nilipaka nyeusi, nzito, kila chuma nilichokiona. Wewe ulikuwa umekwenda Ikombe kumwangalia mama yako, miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Giaboksi iliporudishwa, nilifunga mwenyewe nyaya zilizobaki chini ya gari ili fundi asichelewe. Mmoja wa nyaya hizo ulikuwa ule mpana wa kusuka, unaounganisha injini na chesisi. Nikaukaza juu ya rangi mbichi. Nilijua kufunga nati, sikujua kwa nini ule waya uko pale.

Baada ya hapo betri zikaanza. Asubuhi stata inavuta kwa uvivu, siku ya pili inavuta nusu, siku ya tatu inalia tik, tik, inanyamaza. Taa ya chaji haizimiki sawasawa. Nikikanyaga mafuta inafifia, nikiachia inarudi. Tukabadili betri zote mbili. Wiki tatu tu, nazo zikawa kama zilizotangulia. Tukabadili mkanda wa alteneta. Fundi mmoja wa Kyela mjini akafungua alteneta yenyewe, akaweka kaboni mpya, akabadili na katauti inayoongoza chaji, kisha akashika tesa, kile kipimo cha umeme, pale nyuma ya alteneta akanionyesha namba: volti ishirini na nane. Akasema alteneta yangu ni nzima, wa kulaumiwa ni betri. Nikaweka betri nyingine. Zikafa vilevile.

Wewe ndiye uliyeuona ugonjwa.

Ilikuwa Kasumulu, kwenye foleni ya malori kabla ya mpaka, jua la saa saba. Nilikuwa nalazimisha stata, wewe umefungua boneti umepanda juu ya bampa unaangalia ndani. Mara ukaruka chini unapuliza vidole. Ukaja dirishani ukanionyesha, viwili vimebabuka kama umeshika sufuria.

"Baba Neema," ukasema, "waya wa akselereta unaunguza ukiwasha. Ule si waya wa umeme. Umeme umekosa njia yake, unapita humo."

Palikuwa na madereva wawili pale, na yule mfanyabiashara wa Malawi aliyekuwa anasubiri mchele wake. Wote wakanigeukia waone dereva atajibu nini. Nikaona aibu, Lwitiko. Aibu ya kufundishwa gari na utingo mbele za watu.

Nikakujibu, "Wewe kazi yako gogo la tairi. Umeme waachie waliousomea."

Wakacheka. Na wewe ukacheka. Ukafuta vidole kwenye suruali, ukaenda kutafuta watu wa kusukuma. Hukulitaja tena jambo hilo, si siku ile wala baadaye, na mimi nikaona kimya chako ni dalili kwamba umekubali kuwa hujui. Miaka yote kumi na saba sikuwa nimekusema hivyo. Nikakusema siku uliyokuwa sahihi.

Ndipo tukaanza maisha ya miteremko. Tukifika mahali pa kupakia, kabla ya kuuliza mzigo uko wapi tunauliza kilima kiko wapi. Nasimamisha lori pua ikitazama chini, na kwa kuwa hendibreki ilikuwa imechoka, wewe unaweka gogo mbele ya tairi. Wakati wa kuondoka nakanyaga breki, wewe unagonga gogo linatoka, unapisha pembeni, unapiga mlango mara mbili. Nikisikia mlango naachia, lori linateremka, naingiza gia, linawaka. Tulifanya hivyo mara nyingi hata tukawa tunaona ndivyo lori linavyowashwa. Watu wa Makwale walikuwa wakituona tumeegesha pembeni ya kile kilima chao wanasema wale jamaa wamefika.

Siku ile ya Makwale tulikwenda kuchukua kakao. Mvua ikatukatisha katikati ya kupakia, tukafunika magunia, tukajibanza barazani kwa mwenye shamba. Ulikula ndizi za kuchoma. Ulinieleza habari za Atupele, binti yako, kwamba mwalimu amesema anaweza kwenda mbali kama hatatolewa shuleni, na ukasema hatatolewa. Mvua ilipopungua tukamalizia kupakia. Ilikuwa kama saa tisa. Lori lilikuwa limezimwa kwa zaidi ya saa tatu.

Hapa ndipo penye lile neno.

Unajua lori letu lilivyokuwa likivuja upepo. Breki zake zinategemea upepo ule, na injini ikizimwa muda mrefu mitungi inabaki mitupu. Nilipopanda kwenye usukani niliutazama mshale wa upepo. Sisemi niliutupia jicho. Niliutazama. Ulikuwa umelala kwenye nyekundu, chini kabisa. Nilijua maana yake. Na nilijua pia kwamba pale mashine ya mpunga, mwendo mfupi tu, kulikuwa na trekta, na mwenye trekta hatunyimi betri zake tuwashie lori. Ingetuchukua saa moja, labda zaidi. Nilitazama mawingu. Nikafikiri, upepo umebaki kidogo, breki zitashika.

Wewe ulikuwa umeinama mbele ya tairi na nyundo mkononi. Uliinua kichwa. Ukaniuliza, "Upepo upo?"

Nikasema, "Upo."

Ndilo hilo. Silo lile la Kasumulu, ingawa na lile ni kosa langu. Ni hili. Uliniuliza jambo ambalo mimi peke yangu ndiye ningeweza kulijua, kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa mbele ya mshale, nami nikakudanganya, na wewe ukaniamini ukainama tena.

Uligonga mara mbili. Ya tatu gogo likatoka. Nilikuwa nimekanyaga breki kwa nguvu zangu zote, ikazama mpaka chini kama mguu kwenye tope la jaruba. Lori likaondoka. Nilikuona ukigeuka kupisha, ardhi ilikuwa imelowa, mguu ukakuteleza. Kisha sikukuona tena, nikasikia tairi limepanda kitu na kushuka. Mguu wangu ukachomoka kwenye klachi, gia ilikuwa ya pili, na injini ikawaka. Iliwaka, Lwitiko. Ikanguruma vizuri kabisa mpaka lori lilipoingia kwenye migomba na kusimama.

Nilirudi mbio. Mwenye shamba alifika kabla yangu akavua koti lake. Ulikuwa umefumbua macho. Huwa nasikia watu wakisimulia kwamba marehemu wao aliacha neno fulani. Wewe hukuacha neno. Ulishika ukosi wa shati langu, ukaushika kwa nguvu, halafu nguvu ikapungua. Mwenye shamba ndiye aliyeniambia nikuachie.

Askari wa barabarani walikuja, wakapima, wakauliza. Nikasema breki zilikataa ghafla. Mmoja akaandika, nami nikatia saini chini yake. Mshale wa upepo hakuna aliyeuulizia, kwa kuwa injini ilikuwa imewaka na mitungi ilikuwa imejaa tena.

Kisha lori likavutwa mpaka hapa. Lilikaa mpaka nyasi zikafika kwenye rimu, kuku wakawa wanatagia chini yake. Mke wangu alikuwa anaanika nguo upande mwingine tu ili asilione. Mvua kubwa zimepita, majaruba ya huku kwetu yalifunikwa na maji wiki nzima, mpunga wa jirani ukaoza. Mimi nimekuwa nikilima. Nilikataa kuendesha lori la mtu mwingine mara mbili, nikasema mgongo unauma.

Aliyenitoa hapo ni mkeo. Mama Atu alikuja mwezi uliopita, peke yake, akakaa kwenye mkeka akakataa chai. Akaniambia, "Shemeji, kila anayekuja ananiambia ni mpango wa Mungu. Sikatai. Lakini nataka kujua hilo gari lilikuwa na nini, hata mume wangu akawa mtu wa kukaa mbele ya tairi."

Sehemu ya jibu nilikuwa nayo, nikaiogopa. Nikamwahidi nitamtafuta mtu alipime.

Nikamleta Subilaga. Humjui, ni mama wa makamo, mzaliwa wa Makwale, alijifunza umeme wa magari Mbeya na amerudi miaka michache tu iliyopita. Alikuja na mfuko mdogo wa vifaa. Nikamweleza betri tulizobadili, alteneta iliyofunguliwa, mkanda. Alisikiliza yote, kisha akasema tumekuwa tukibadilisha vitu bila kuuliza swali.

Alileta betri zake mwenyewe zilizojaa, akaliwasha kwa shida. Akapima betri vichwani. Akapima alteneta, kati ya waya wake wa chaji na bodi yake yenyewe, akapata ileile ishirini na nane ya fundi wa Kyela. Nikamwambia hata yule aliona hivyo. Akaniambia ndiyo, lakini yule alipima mahali umeme unapotoka, hakupima kama unafika na kurudi. Akashika ncha moja ya tesa kwenye bodi ya alteneta, nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri, akaniambia niwashe taa zote. Pale panatakiwa pasome karibu sifuri, akasema, kwa kuwa ni chuma kwa chuma. Pakasoma zaidi ya volti tatu. Akatikisa kichwa. Akaingia chini ya lori amelalia gunia, akakaa muda. Nilisikia akikwangua.

Alipotoka alikuwa na ule waya wa kusuka mkononi. Mfupi, haufiki urefu wa mkono wangu. Upande mmoja nyuzi zimekatika, zimebaki chache za kuhesabu. Upande mwingine una kutu ya kijani, na chini ya kutu, rangi nyeusi. Umeme wa kurudi ulikosa pa kupita, ukawa unapenya popote palipogusana chuma, na betri zikawa zinapata makombo.

Akaniuliza, "Hivi hakuna aliyewahi kuona nyaya za kawaida zikipata moto mkiwasha? Waya wa akselereta, kwa mfano?"

Nikamjibu kwamba yupo aliyeona.

Akaniuliza alisema nini. Nikainama, nikamwokotea tupa yake. Nadhani alielewa, maana aliendelea na kazi. Alikwangua chesisi kwa tupa mpaka chuma kikang'aa, akafunga waya mpya, akapaka grisi juu. Akaniambia betri zikajazwe kabisa kwanza, na Jumanne nikawasha. Siku ileile ya waya, kabla hajaondoka, alinionyesha na palipokuwa pakivuja upepo. Ulikuwa mpira mdogo wa kiungo cha bomba. Na huo ukabadilishwa.

Jumanne jioni hiyohiyo, kabla jua halijatua, nilikwenda kwenu. Mama Atu alikuwa anachambua mchele. Nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza kuhusu rangi, kuhusu waya, kuhusu vidole vyako na nilichokujibu Kasumulu. Alikuwa anaendelea kuchambua. Nikamweleza mshale. Nikamweleza swali lako na jibu langu. Hapo mikono yake ikasimama.

Atupele akachungulia mlangoni, akarudi ndani.

"Kwa hiyo alikuuliza," akasema.

Nikasema uliniuliza.

Ndipo akaniambia jambo ambalo sikulijua, na nakuomba unisamehe kwamba sikulijua, kwa sababu sikwenda kuuliza. Huko Ikombe wanasema ulikuwa umelewa. Kwamba mtu mzima hawezi kuteleza mbele ya gari mchana kweupe kama hakunywa. Mama yako amesikia. Ameacha kwenda kuchimba udongo wa vyungu na wenzake kwa sababu ya maneno hayo, anafinyanga peke yake nyuma ya nyumba, na anaomba usiku na mchana Mungu akusamehe dhambi ambayo hukuifanya. Wewe ambaye siku ya safari hukugusa pombe hata pale Kasumulu watu walipokununulia.

Nilimwambia Mama Atu nimekosa, nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Hakunitukana pia. Alisema, "Mimi nimesikia. Sasa kamwambie mama yake, kwa mdomo wako. Na wale walioandika, nao waambie." Akachukua ungo wake akaingia ndani. Hakunisindikiza, nami sikutegemea anisindikize.

Tangu hapo zimepita siku tatu. Mke wangu nimemweleza. Alilia, akauliza kama watanifunga. Nikamwambia sijui. Kweli sijui. Amesema akitaka kunizuia hataweza kumtazama Mama Atu kanisani, kwa hiyo hanizuii. Mwanetu Neema amepiga simu kutoka Mbeya, sikuweza kumwambia bado. Nitamwambia nikitoka kituo cha polisi.

Kesho asubuhi naenda Matema, kutoka pale nitapanda mtumbwi mpaka Ikombe. Mke wangu ameshafunga mchele wa kumpelekea mama yako, ingawa nilimwambia mtu hapeleki zawadi kwenye habari ya namna hii. Akasema ule mchele hauhusiani na habari ninayoipeleka, ni wa mama mwenye njaa. Nitamkuta mama yako kwenye udongo wake. Nitasimama mbele ya majirani kama wapo, na kama hawapo nitaomba waitwe, maana maneno ya pombe yalisemwa hadharani na haya nayo lazima yasemwe hadharani. Sitasema kwamba gari lilikuwa bovu na kuishia hapo. Nikirudi kutoka ziwani sitapita nyumbani, nitapitiliza kituoni wafute nilichotia saini.

Barua hii nimeiandika mara mbili. Moja naiacha kwa Mama Atu leo, ili kama nitaogopa njiani na kurudi, au nikifika mdomo ukagoma, awe nayo ya kusoma mbele ya watu. Hii nyingine naenda nayo.

Ndaga fijo, asante sana, kwa miaka yote, ndugu yangu. Ningependa kukuambia pumzika, lakini naona mpaka kesho sina haki ya kukuambia hivyo.

Kwaheri, Lwitiko. Nakuahidi hili tu, na nimeliahidi mbele ya mkeo: kesho, kabla jua halijafika utosini, mama yako atajua kwamba mwanawe alikufa akiwa na akili zake timamu, akimwamini dereva wake.

Mimi,
Gwamaka